Besi ya nyuzi 5 isiyo na freti: vipimo vya kufanya kabla hela ya korosho haijaondoka

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Malipo yakishapita kwenye AMCOS na kufika kwa mkulima, ndio wakati kwaya na bendi za Masasi, Newala hadi vijiji vya Mnyambe huchanga hela ya vyombo. Spika, kinanda, na siku hizi gitaa la besi lenye nyuzi zaidi ya 4. Wengine wanataka kabisa lile lisilo na freti, lenye sauti laini ya kuvuta.

Ni chombo kizuri, ila ni rahisi kukosea kukinunua. Dukani Kariakoo kitalia vizuri kwenye spika kubwa ya duka. Kikifika Masasi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, uzi wa tano hausikiki, mpigaji anatoka nje ya sauti ya kwaya, na nauli ya kukirudisha hakuna. Hela ya msimu mzima imeshaenda.

Jibu kwa kifupi: kwa wengi wa huku, besi ya nyuzi 5 yenye mistari kwenye shingo inatosha. Lakini kwanza zipimwe spika zitakazoibeba.

Freti ni nini, na kwa nini iondolewe?

Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa kwa kukata shingo ya gitaa. Mpigaji anapokandamiza uzi nyuma ya freti, chuma ndicho kinachoukata uzi mahali sahihi. Hata kidole kikisogea kidogo, sauti inabaki palepale.

Freti zikiondolewa, kidole ndicho freti. Sauti inaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila ngazi, kama mtu anavyoimba. Uzi unapogusana na mbao, unatoa ule mlio wa "mwaaa" ambao besi ya kawaida haina.

Jambo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Udi, fidla na dabobesi zinazopigwa kwenye taarabu ya Zanzibar hazina freti. Hata ngoma za Wamakonde huwekwa sawa kwa sikio: ngozi huotwa moto mpaka mlio ukae.

Kwa besi ya umeme, kampuni ya Ampeg ya Marekani ilianza kuuza isiyo na freti mwaka 1966. Jaco Pastorius aliipa jina kubwa kwa albamu yake ya 1976. Afrika inaijua zaidi kwa mkono wa Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, aliyeipiga kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon mwaka 1986.

Uzi wa tano unaleta nini?

Besi ya kawaida ina nyuzi 4: E, A, D na G, kuanzia nene. Besi ya nyuzi 5 huongeza B chini ya E. Ya nyuzi 6 huongeza B chini na C juu. Anthony Jackson wa Marekani ndiye aliyemwagiza fundi amtengenezee ya nyuzi 6, mwaka 1975.

Faida ya B huonekana sana kwenye kwaya. Kwaya nyingi husoma noti za do, re, mi, na mwalimu hupandisha au kushusha ufunguo kulingana na waimbaji waliofika siku hiyo. Wimbo ukishushwa hadi C au D, besi ya nyuzi 4 haina "do" ya chini kabisa, kwa hiyo mpigaji analazimika kurukia ya juu. Mwenye uzi wa B anashuka na kwaya yake.

Kama bendi inapiga nyimbo zilezile za ufunguo wa E, G na A kila wiki, uzi wa tano utabaki kupumzisha dole gumba tu. Hapo nyuzi 4 zinatosha, na hela iliyobaki inunue spika.

Spika kwanza, gitaa baadaye

Uzi wa E ukiachwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde. Uzi wa B hutetema mara 31. Tofauti inaonekana ndogo kwenye namba, lakini kwa spika ni kazi nyingine kabisa.

Spika nyingi ndogo za plastiki za inchi 10 au 12 huanza kupoteza nguvu zinapofika mitetemo 50 au 60 kwa sekunde. Spika za honi, zile za mikutano ya hadhara, hazina besi kabisa. Ukisikia B kwenye spika ndogo, mara nyingi unachosikia ni mwangwi wake wa juu, wa mitetemo 62, na sikio linajazia iliyobaki.

Mtu anapoona B haisikiki, huongeza sauti. Hapo ndipo karatasi ya spika huchanika.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya Dar es Salaam, kikundi kijiulize: tuna spika ya besi ya inchi 15 au 18, au amplifaya ya besi? Kama hakuna, bajeti igawanywe. Gitaa la bei ya kati na spika nzuri ni bora kuliko gitaa la bei kali lililochomekwa kwenye honi.

Nyuzi 5 au 6?

Kwa anayeanza safari ya kuacha freti, 5 ndio mwisho mzuri. Shingo ya nyuzi 6 ni pana, mkono wa kushoto unachoka, na uzi wa C hupigwa zaidi na wapiga solo wa besi. Tena, mtu anayepiga nyuzi mbili au tatu kwa pamoja bila freti lazima kila kidole kiwe sahihi kwa wakati mmoja. Ni kazi ya miaka.

Nafasi kati ya nyuzi nayo ipimwe, pale kwenye daraja la chini. Milimita 19 inamfaa mwenye vidole vinene aliyezoea nyuzi 4. Milimita 16 au 17 inamfaa mwenye mkono mdogo.

Urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu hadi cha chini, kwa kawaida ni inchi 34. Baadhi ya besi za nyuzi 5 zina inchi 35. Hiyo inchi moja huukaza zaidi uzi wa B, ukawa haulegei kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini inchi 34 iliyotengenezwa vizuri nayo hutoa B safi. Sikio liamue.

Yenye mistari au isiyo na mistari?

Besi nyingine zina mistari mahali freti zingekuwa, nyingine shingo ni nyeusi tupu. Wapo wanaoona mistari ni aibu ya mwanafunzi. Wapuuzwe. Kwenye jukwaa lenye taa hafifu, mistari inaokoa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye besi ya inchi 34, nusu sauti ya kwanza karibu na kichwa ina urefu wa karibu milimita 48. Kuanzia katikati ya uzi, nusu sauti ni milimita 24. Kidole kikikosea milimita 5 kule juu, sauti inapotoka kidogo na wengi hawatajua. Kosa hilohilo katikati ya uzi ni mara mbili, na kinanda kitalionyesha wazi.

Jambo moja huwachanganya waliotoka kwenye freti: huku kidole hakikai nyuma ya mstari, kinakaa juu ya mstari wenyewe. Vidoti vya ubavuni pia viangaliwe. Kuna watengenezaji wanaoviweka sawa na mstari na wengine katikati ya mistari. Mpigaji ajue chake kipi.

Mbao na nyuzi

Bila freti, uzi unasugua mbao kila siku. Ubao wa vidole ukiwa laini, nyuzi zitauchimba mifereji.

Watengenezaji hupenda mbao ngumu kama ebony na rosewood. Watu wa Masasi na Newala wana mfano karibu: mpingo, mti wa wachongaji wa Kimakonde, ambao ni wa jamii moja na rosewood. Ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama, na ndio hutengenezewa klarineti duniani. Ugumu wa namna hiyo ndio unaotafutwa kwenye ubao wa besi.

Nyuzi ziko za aina mbili kubwa. Zenye mikwaruzo hulia kwa ukali lakini hula mbao. Zilizosawazishwa, laini kama utepe, hazili mbao, hudumu muda mrefu na sauti yake ni ya duara. Kwa besi isiyo na freti inayokaa mbali na duka, chaguo la kwanza ni laini.

Seti ya nyuzi 5 haipatikani kirahisi kama ya 4. Anayenunua besi anunue na seti moja ya akiba siku hiyohiyo. Uzi wa B kwa kawaida una unene wa inchi 0.125 hadi 0.135.

Vipimo saba vya kufanya dukani

1. Pigeni B wazi, kisha B hiyohiyo katikati ya uzi. Zote ziwe safi. Ikiwa ya katikati inakoroma au inakufa haraka, gitaa lirudi ukutani.

2. Gusa uzi katikati bila kuukandamiza utoe mlio wa kengele, halafu ukandamize palepale. Sauti mbili zifanane. Zikipishana, vidaraja vinahitaji kurekebishwa.

3. Angalia shingo kwa kuchungulia kutoka kichwani kama fundi anavyochungulia ubao. Mkunjo mdogo ni sawa, msokoto si sawa.

4. Pitisha kidole kwenye ubao. Kama besi imeshatumika, tafuta mifereji chini ya nyuzi.

5. Kaza na legeza kila ufunguo wa nyuzi. Wa B usiteleze.

6. Uliza kama inatumia betri. Nyingi zina saketi ya volti 9 ndani. Kuacha waya umechomekwa hula betri hata kama hakuna anayepiga.

7. Ivae kwa mkanda dakika 15 ukiwa umesimama. Besi ya nyuzi 5 inaweza kufika kilo 4 au 5, na ibada au harusi si dakika 15.

Tyuna ya simu isaidie, ila nyingi hupata shida kuisikia B wazi. Dawa ni kutumia ule mlio wa kengele wa katikati ya uzi, ambao ni wa juu zaidi.

Kama hela haitoshi

Kuna njia mbili za bei nafuu.

Ya kwanza: besi ya nyuzi 4 ivalishwe nyuzi nene nne za seti ya 5, yaani B, E, A na D. Kidaraja cha juu kitapanuliwa kidogo ili B ikae. Sauti ya chini inapatikana, ya juu kidogo inapotea. Kwa kwaya, hasara hiyo haionekani sana.

Ya pili: kung'oa freti za besi ya kawaida. Bill Wyman wa Uingereza alifanya hivyo mwaka 1961 kwenye gitaa la bei rahisi, kabla hajajiunga na Rolling Stones. Freti hupashwa moto kwa chuma cha kulehemia ili gundi ilegee, hung'olewa polepole, nafasi zake hujazwa vipande vyembamba vya mbao, kisha ubao husawazishwa. Mbao ya kujazia ikiwa ya rangi tofauti, mistari inajitokeza yenyewe. Mwisho kidaraja cha juu hupunguzwa, kwa kuwa nyuzi sasa zinatakiwa kukaa chini zaidi.

Seremala makini anaweza, lakini kurudisha freti ni kazi ngumu. Kwa hiyo ianziwe kwenye gitaa la zamani, si jipya la kikundi. Vipande vya mpingo vitoke kwenye mabaki ya mchongaji mwenye kibali, visikatwe porini.

Matunzo ya huku

Masika na kiangazi huichezesha mbao. Shingo iliyokuwa sawa Agosti inaweza kupinda Februari. Ndani yake kuna fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa ufunguo mdogo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, si zaidi.

Vumbi lifutwe kwenye nyuzi na ubao kila baada ya kupiga, kwa kitambaa kikavu. Begi liwe nene. Kwenye basi gitaa lisikae kwenye buti karibu na injini.

Na muda wa mazoezi uhesabiwe kwenye bei. Aliyezoea freti akabidhiwe besi miezi kadhaa kabla ya Pasaka au tamasha, apige taratibu na kinanda kila siku, noti moja moja, mpaka sikio liongoze kidole. Kikundi kisicho na mtu wa kujitolea muda huo kinunue ya nyuzi 5 yenye freti. Uzi wa B utakuwepo, na kwaya haitatoka nje ya sauti.