Ukawiaji: Muda wa Safari ya Data

Ukawiaji ni muda unaopita tangu data inapotoka kwenye kifaa kimoja hadi inapofika kwenye kingine. Katika mitandao ya kompyuta hupimwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Mchezaji aliyeko Mwanza anapobonyeza kitufe cha kufyatua risasi, amri yake husafiri hadi kwenye seva iliyoko, tuseme, Johannesburg. Seva huipokea, huamua kama risasi imelenga, kisha hurudisha jibu. Muda wa safari hiyo, kwenda na kurudi, ndio tarakimu inayoonekana pembeni mwa skrini katika michezo mingi ya mtandaoni, na ndio wachezaji wanaouita pingi.

Jina pingi lilitoka kwenye programu ndogo iliyoandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya jeshi la Marekani. Aliazima mlio wa sona, chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Programu yake hufanya vivyo hivyo: hutuma pakiti ndogo ya data, hungoja irudishwe, kisha huandika muda uliopita. Bado imo karibu katika kila kompyuta. Kwa hiyo maneno haya mawili si visawe kamili. Pingi ni kipimo cha kwenda na kurudi, ilhali ukawiaji ni dhana pana inayohusu pia safari ya upande mmoja.

Ukawiaji na kasi

Mabishano mengi kuhusu intaneti hayafiki mwisho kwa sababu vitu viwili hutajwa kwa neno moja, kasi. Mmoja hudai mtandao wake una kasi kwa kuwa amelipia Mbps 50, yaani megabiti 50 kwa sekunde. Mwenzake hujibu kwamba yeye ana Mbps 10 tu na gemu halilagi, yaani halikwami, hata kidogo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Mbps hueleza kiasi cha data kinachoweza kupita katika sekunde moja. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa hukiita kipimo data, na matangazo ya biashara hukiita kasi. Ukawiaji hueleza jambo jingine: pakiti moja hutumia muda gani njiani.

Kampuni ya mabasi ikiongeza magari yake ya Dar es Salaam hadi Mwanza kutoka mawili hadi kumi, abiria wengi zaidi watasafiri kwa siku, lakini hakuna hata mmoja atakayefika mapema kuliko zamani. Ndivyo ilivyo kwa Mbps. Faili la gigabaiti 2 hupakuliwa kwa zaidi kidogo ya dakika 5 kwa Mbps 50, na kwa takriban dakika 27 kwa Mbps 10. Hapo tofauti ni kubwa. Lakini mchezo wa mtandaoni, baada ya kusakinishwa, kwa kawaida hutumia chini ya Mbps 1 wakati wa kucheza. Unachohitaji ni pakiti ndogondogo zifike upesi na kwa mpangilio. Mwaka 1996 mhandisi Stuart Cheshire aliandika makala mashuhuri akieleza kwamba Mbps zinaweza kuongezwa kwa kuongeza njia, ilhali ukawiaji mkubwa uliokwisha kuwamo ndani ya njia hauondolewi kwa kuziongeza njia hizo.

Kutafuta neno la Kiswahili

Kiingereza hutumia neno latency, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujificha. Maana hiyo ingali hai katika tiba, ambako maambukizi yaliyomo mwilini bila dalili huitwa fiche. Tafsiri inayofuata asili ya neno, kama vile ufiche, ingempotosha msomaji wa mambo ya mitandao, kwa kuwa hapa hakuna kilichojificha.

Ucheleweshaji ndilo neno linalomjia mfasiri haraka. Tatizo lake ni kauli ya kutendesha: palipo na kuchelewesha pana anayechelewesha, na neno hilo humtwika lawama mtoa huduma hata pale ambapo sababu ni umbali wa bahari. Uchelewaji huepuka kosa hilo lakini huleta jingine. Kuchelewa huhitaji saa iliyopangwa. Basi la saa 12 likiondoka saa 1 limechelewa. Pakiti ya data haina ratiba, na hata safari iliyokwenda vizuri kabisa ina milisekunde zake.

Muda wa kusubiri hueleweka na kila mtu, na kwa maelezo ya mtumiaji wa kawaida linatosha. Hata hivyo humweleza anayengoja badala ya kinachosafiri, na katika michezo tayari lina kazi nyingine: ndio muda wa kungojea wapinzani wapatikane kabla ya mechi kuanza. Neno la kukopa, latensi, linawafaa wahandisi, lakini halimpi msomaji mgeni fununu yoyote ya maana yake, wala halizai kitenzi.

Ukawiaji linatokana na kukawia, yaani kutumia muda kabla ya kufika au kutokea. Mtoto aliyetumwa dukani huulizwa “Mbona umekawia?” hata kama hakupangiwa saa ya kurudi. Methali husema “Kawia ufike”, na kwa faili linalopakuliwa usiku methali hiyo ni kweli tupu. Katika mchezo wa kulenga shabaha haisaidii, kwani pakiti inayofika baada ya tukio kupita haina tofauti na ile isiyofika.

Pingamizi moja ni kwamba kukawia hubeba maana ya muda mrefu, hivyo “ukawiaji mdogo” huonekana kujipinga. Lakini majina ya vipimo katika Kiswahili hufanya kazi hivyo siku zote: husemwa uzito wa unyoya na urefu wa sindano bila kudai kwamba unyoya ni mzito au sindano ni ndefu. Faida ya neno hili ni ukoo wake. Hutoa kitenzi (pakiti imekawia), kivumishi (pakiti zilizokawia), na kauli ya kutendesha inayofaa pale panapokuwa na mtendaji kweli, kama vile seva inayokawisha picha za mechi kwa makusudi ili wapinzani wasichungulie.

Pakiti, kwa upande wake, inafaa kuliko kifurushi. Kwa mtumiaji wa simu wa Tanzania, kifurushi ni bando linalonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi, na sentensi kama “kifurushi kimepotea njiani” itamfanya apige simu huduma kwa wateja.

Vyanzo vya ukawiaji

Vitabu vya mitandao hutaja vyanzo vinne: umbali, muda wa kuisukuma pakiti yote iingie kwenye njia, muda wa kila kifaa kuisoma na kuielekeza, na foleni. Cha pili na cha tatu kwa kawaida ni vidogo katika mitandao ya leo. Umbali na foleni ndivyo vinavyoamua mengi.

Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde katika ombwe, lakini ndani ya kioo cha faiba hupungua hadi takriban kilomita 200,000. Hesabu inayofuata ni rahisi: kila kilomita 1,000 za faiba hugharimu milisekunde 5 kwenda na nyingine 5 kurudi. Mkongo wa baharini wa TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, una urefu wa takriban kilomita 5,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 50, na hakuna mtoa huduma anayeweza kuuza chini ya hapo kupitia mkongo huo. Seva ikiwa Ulaya, njia ni ndefu zaidi na pingi hupanda. Ndiyo sababu wachezaji wa Afrika Mashariki hutafuta michezo yenye seva Johannesburg au katika nchi za Ghuba.

Kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki, mawasiliano ya kimataifa yalitegemea setilaiti zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Pakiti ilipanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka tena. Safari ya angani peke yake ilichukua karibu milisekunde 480. Mikongo ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na muda huo ukapungua sana. Setilaiti za Starlink, ambayo ilianza huduma nchini Kenya mwaka 2023, huzunguka chini zaidi, takriban kilomita 550, kwa hiyo kipande cha angani hakizidi milisekunde chache setilaiti ikiwa karibu na utosi.

Umbali unaohesabiwa ni ule wa njia, wala si wa ramani. Zamani barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi iliweza kupita ng’ambo na kurudi, kwa sababu kampuni hizo hazikuunganishwa nyumbani. Vituo vya kubadilishana data, kama KIXP cha Nairobi, UIXP cha Kampala na TIX cha Dar es Salaam, vilianzishwa ili data ya ndani ibaki ndani. Kinyume chake hutokea mkongo unapokatika. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Watumiaji wengi wa ukanda huu walikosa huduma au wakaipata kwa shida, huku data ikitafutiwa njia nyingine.

Foleni nyumbani

Chanzo cha nne hakionekani kwenye ramani yoyote. Kila ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti, ina ghala dogo la kumbukumbu ambamo pakiti hungoja zamu. Nyumba moja inaweza kuwa na Mbps 20 za kupakua na 5 za kupakia. Mtu anacheza, na programu ya kupima inaandika mstari mmoja kila sekunde: 48, 51, 47, 49. Katika chumba cha pili, mwenzake anaanza kupakia video ya harusi. Mistari inayofuata inasomeka 190, 460, 730, 820. Mchezaji anaona adui akirukaruka kutoka pembe hadi pembe, na anailaumu kampuni ya intaneti.

Kilichotokea ni hesabu tu. Ikiwa ghala la ruta linabeba kilobaiti 500 na video imelijaza, hizo ni biti milioni 4 zinazopaswa kutoka kwa Mbps 5. Pakiti ya mchezo iliyofika nyuma yake itangoja sekunde 0.8. Watengenezaji waliongeza ukubwa wa maghala hayo kwa nia njema, pakiti zisipotee, na foleni zikarefuka. Mhandisi Jim Gettys alilitangaza tatizo hili kwa upana kuanzia mwaka 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya CoDel, inayopima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni na kuanza kutupa baadhi ya pakiti muda huo ukizidi, ili mtumaji apunguze mwendo. Ruta yenye kanuni ya aina hiyo hurudisha pingi karibu na hali ya kawaida bila kuongeza hata Mbps moja. Kuunganisha kompyuta kwa waya badala ya Wi-Fi husaidia katika kipande kifupi cha kati ya kifaa na ruta, lakini hakuondoi foleni hii.

Maneno jirani

Kulagi, kama wachezaji wanavyolitumia, huchanganya matatizo matatu. La kwanza ni ukawiaji wenyewe. La pili ni upotevu wa pakiti, ambapo data haifiki kabisa. La tatu halihusu mtandao: simu imepata joto au kichakataji kimezidiwa, na picha hazichorwi kwa wakati. Mchezo wa fremu 60 kwa sekunde hukipa kifaa takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Ikizidi hapo, picha hukwama hata pingi ikiwa 20. Kuitazama tarakimu ya pingi wakati gemu linapoganda husaidia kulitenganisha la tatu na la kwanza.

Kuyumba kwa ukawiaji ni tofauti kati ya pakiti moja na inayofuata. Pingi ya 90 isiyobadilika huchezeka vizuri kuliko inayorukaruka kati ya 30 na 200, kwa kuwa programu ya mchezo huweza kuzoea ya kwanza. Kwa mazungumzo ya sauti, mwongozo wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hupendekeza ukawiaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150; ukipita sana hapo, watu huanza kukatizana maneno.

Programu za michezo huuficha ukawiaji kwa ukisiaji: kifaa humsogeza mchezaji mara tu anapobonyeza, kabla seva haijathibitisha. Mwandishi wa programu John Carmack aliuingiza ukisiaji huo katika mchezo wa QuakeWorld mwaka 1996. Seva nyingi pia hurudisha nyuma hali ya uwanja hadi sekunde ambayo mpigaji aliiona alipofyatua. Hapo ndipo hutoka lalamiko maarufu la kuuawa baada ya kujificha nyuma ya ukuta: kwenye skrini ya mpigaji, yenye ukawiaji wake, aliyelengwa alikuwa bado nje.

Matumizi

Ukawiaji huwa mdogo au mkubwa, na hupungua au huongezeka. Kusema “ukawiaji wa haraka” ni kuurudisha mkanganyiko wa kasi. Tarakimu yake hukamilika inapotajwa pamoja na mambo matatu: kutoka wapi hadi wapi, upande mmoja au kwenda na kurudi, na mtandao ukiwa na shughuli au ukiwa mtupu. “Pingi yangu ni 60” haitoshi kulinganisha watoa huduma wawili. “Kwenda na kurudi kati ya Dodoma na seva ya Johannesburg ni milisekunde 70 mtandao ukiwa mtupu, na 400 video inapopakiwa” inatosha, na inaonyesha moja kwa moja kwamba cha kurekebishwa ni foleni ya ruta kabla ya kuhamia kampuni nyingine.