Kulika na Kuchakaa: Istilahi za Vipuri vya Motokaa za Kale

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya ufundi ni yale yanayoeleza jinsi chuma kinavyopungua kwa kusuguana na chuma. Wengi hutosheka na neno moja tu, kuchakaa, wakalitumia kwa tairi, kwa beringi, kwa gia na hata kwa gari zima. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kuirudia historia ya motokaa za kale na mazingira ya Usukuma, kwamba lugha ya mafundi ina njia bora zaidi, na kwamba kuipuuza kuna hasara.

Tuanze na mahali. Maganzo ni mji mdogo ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga. Almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, wakati Vita Kuu ya Pili imekwisha kuanza na vipuri vya ng'ambo vimekuwa adimu. Reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, kwa hiyo kipuri kiliweza kuletwa Shinyanga kwa garimoshi. Lakini kwanza kilipaswa kuvuka bahari. Mwenye gari bovu hakuwa na budi kulitengeneza lile lile alilo nalo.

Ardhi nayo haikuwa na huruma. Wasukuma huuita udongo wa kichanga luseni, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ford ya Modeli T, iliyoundwa kati ya 1908 na 1927, haikuwa na chujio la hewa. Katika barabara ya vumbi, gari la namna hiyo lilivuta mchanga moja kwa moja kupitia kabureta; mchanga ukachanganyika na oili, ukawa kama msasa. Kila pistoni ilipopanda na kushuka, msasa huo ulikula ringi na kuta za silinda.

Ulikula: hapo ndipo lilipo neno tunalolitafuta. Mkulima ambaye jembe lake limepungua makali hasemi kuwa limechakaa, bali limelika. Kitu kilicholika kimepungua kidogo kidogo mahali fulani, na upungufu huo waweza kupimwa na kurekebishwa. Kuchakaa ni uzee wa kitu kizima, mfano wa nguo au paa la nyasi.

Uchunguzi wa fundi wa zamani ulitegemea sikio na mkono. Modeli T ilikuwa na koili nne katika sanduku moja, kila koili na kitetemeshi chake. Injini ikigonga, fundi alikandamiza kitetemeshi kimoja kimoja kwa kidole, silinda ile isiwake. Mlio ukipungua, alijua kuwa beringi ya mkono wa pistoni hiyo ndiyo iliyolika. Akitaka kujua hali ya ringi, alizungusha hendeli injini ikiwa imezimwa, akasikiliza kwa mkono ukinzani wa kila silinda. Iliyo dhaifu aliitilia oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha akazungusha tena. Ukinzani ukirudi, ringi zimelika, kwa kuwa oili imeziba mwanya. Usiporudi, kosa huenda liko kwenye vali. Hatujui kipimo kilicho rahisi kuliko hiki, na mafundi wangali wanakitumia.

Matengenezo yalifuata mantiki hiyo hiyo. Beringi zilitandikwa madini laini, mchanganyiko wa bati, shaba na antimoni, unaoitwa kwa jina la Isaac Babbitt, Mmarekani wa karne ya 19. Mwanya ukiwa mdogo, fundi alikipiga tupa kifuniko cha beringi, akakifunga upya. Madini yakiwa yamekwisha, alimimina mengine yaliyoyeyushwa, akayakwangua mpaka shafti ikalie sawasawa. Madini hayo yaliwekwa makusudi yalike yenyewe ili shafti ipone. Mfasiri atakayesema kuwa yaliwekwa "yachakae" atakuwa amemwambia mwanafunzi kitu kisichoeleweka.

Maneno mengine ya gereji hayahitaji maelezo marefu. Gurudumu lenye mwanya hucheza, meno ya gia husagika, klachi huungua. Kunoki ni kisa cha peke yake: kwa asili yake ya Kiingereza ni mlio wa kugonga tu, lakini gereji za leo hulitumia kwa injini iliyokwisha kufa.

Sasa tuingie ofisini. Matangazo ya mnada ya serikali huyaita magari yanayouzwa "magari chakavu". Kwa hiyo ofisa anayeandika katika jalada kwamba gari limechakaa, ilhali fundi alimwambia kuwa beringi zimelika, amelipeleka gari mnadani bila kukusudia; kumbe lilihitaji beringi tu. Kosa hilo si la fundi.

Tunapendekeza basi kwamba katika vitabu vya ufundi kitenzi kiwe kulika na nomino yake ulikaji, na kwamba uchakavu uachiwe kifaa kizima kisichofaa tena kutengenezwa. Kunoki lisiingizwe katika orodha za istilahi mpaka ikubaliwe kama ni mlio au ni kifo.