Mapera, Mackay na Jumapili ya Ugomvi Mbele ya Kabaka Mutesa

Kila Februari 17 waumini wa Kanisa Katoliki nchini Uganda hukusanyika Kigungu, kijiji cha wavuvi kwenye rasi ya Entebbe, si mbali na uwanja wa ndege. Hapo ndipo mwaka 1879 walipoteremka mtumbwini Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans Delmas. Misa husomwa na habari ya wageni wale wawili husimuliwa upya. Kuna sehemu ya habari hiyo ambayo ni yetu sisi wasemaji wa Kiswahili, nayo huachwa nje karibu kila mwaka.

Lourdel alizaliwa Desemba 20, 1853, katika kijiji cha Dury, karibu na mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa. Aliingia shirika la Mapadre Weupe, lililoanzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, akapadrishwa mwaka 1877. Mwaka uliofuata alikuwa Bagamoyo na wenzake tisa, wakitafuta wapagazi wa kwenda bara. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Waliondoka Pwani Juni 1878. Padre Pascal alifia njiani. Walipofika Tabora waligawanyika. Kundi moja lilishika njia ya Ziwa Tanganyika. Kundi la pili, akiwemo Lourdel, liliifikia pwani ya kusini ya Ziwa Nyanza (Viktoria) mwishoni mwa Desemba. Vyombo vya kuwavusha wote havikuwepo. Mkubwa wao, Padre Livinhac, akamtuma Lourdel atangulie na Bruda Amans kumwomba Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, ruhusa na mitumbwi. Safari hiyo ya majini iliwachukua karibu mwezi mzima.

Kijana huyu hakuingia katika nchi isiyojua dini ngeni. Uislamu ulikuwa umefika Buganda zamani, ukiletwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Alijua kusoma herufi za Kiarabu na alisema Kiswahili. Msafiri Stanley alipita mwaka 1875 akaandika gazetini kwamba Kabaka anataka walimu wa Kikristo. Waanglikana wa kwanza wakaja mwaka 1877. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti, alifika Novemba 1878, miezi mitatu tu kabla ya Lourdel.

Kati ya wageni hao wote na Kabaka alikuwepo mtu ambaye vitabu vingi vinampa mstari mmoja tu: Dallington Maftaa. Alikuwa kijana aliyesomeshwa Zanzibar na misheni ya Waingereza, akasafiri na Stanley, na Stanley akamwacha ikuluni amsomee Mutesa Biblia. Maftaa ndiye aliyeandika barua za Kabaka za Kiingereza, zikiwemo zilizokwenda kwa gavana Gordon huko Sudan. Mackay alipoanza kufundisha ikuluni alitegemea vitabu vya Kiswahili vilivyotoka kwa Askofu Steere wa Zanzibar, na alimtegemea Maftaa ayageuze maneno yake kwa Kiganda. Injili ilipanda kilima cha Rubaga kwa Kiswahili kwanza. Kuwaeleza Waganda na sisi wengine historia hiyo bila kumtaja msomaji huyu kutoka Zanzibar ni kuwanyima sehemu ya haki yao.

Mackay hakufurahi hata kidogo kusikia Wafaransa wametua Kigungu. Alimweleza Kabaka kwamba wanamtii Papa na kwamba hawafai kupokewa. Mutesa, aliyekuwa akihesabu bunduki na kuwatazama kwa wasiwasi Wamisri kaskazini, hakuona sababu ya kukataa Wazungu wa aina ya pili. Akatoa mitumbwi, Amans akarudi nayo kuwachukua wenzao, na mwezi Juni mapadre wote walikuwa mjini.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya katikati ya 1879. Tunaisoma zaidi kwa kalamu ya Mackay, katika barua ambazo dada yake alizichapisha baada ya kifo chake, kwa hiyo Lourdel tunayemwona humo ni Lourdel wa hasimu yake. Mackay alikuwa akiongoza sala barazani. Wakuu wakapiga magoti; Wafaransa wakabaki wameketi. Kabaka akauliza kwa nini hawasali na wenzao. Lourdel akawaka. Alisema hawawezi kushiriki dini hiyo kwa kuwa si ya kweli. Kitabu kile hawakijui, ni kitabu cha uongo, na wakikifuata watakuwa si Wakatoliki tena bali ni Waprotestanti, watu walioliasi Kanisa. Mutesa akamgeukia Mackay, naye akajibu kwa upole zaidi, lakini kwa msimamo uleule, kwamba wao hawamtambui Papa kuwa mkuu wa Kanisa, mkuu ni Kristo peke yake.

Mackay anaeleza kwamba Lourdel alisema kwa mchanganyiko wa Kiarabu kibovu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa, na mtu wa ikulu aitwaye Toli, aliyejua Kifaransa, akimsaidia. Mackay anaandika hayo kwa kumdharau. Mimi nikiyasoma namwona kijana wa miaka 25, aliyeanza kujifunza lugha hizi njiani, akishika neno lolote lililo karibu ili asishindwe mbele ya mfalme. Wala hakuwa peke yake katika shida hiyo: wote wawili walikuwa wakibishana juu ya mambo mazito ya imani katika lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo, mbele ya msikilizaji aliyekuwa akiitumia kabla yao.

Kabaka akahitimisha kwa swali ambalo hawakulijibu: ikiwa kila taifa la Wazungu lina dini yake, yeye atajuaje iliyo ya kweli? Wakuu waliokuwa barazani walisikia. Miaka kumi baadaye Buganda iligawanyika katika makundi ya dini yaliyopigana kwa bunduki, na siamini kwamba asubuhi ile haikuchangia.

Alichokosa kwa maneno, Lourdel alikipata kwa dawa. Mutesa alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na dawa za padre za kuhara damu zilimpa nafuu, zikamfungulia mlango wa ikulu. Mapadre walipewa ardhi Nabulagala, na Machi 27, 1880, wakabatiza Waganda wanne wa kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana: mapadre kuondoka mwaka 1882, kurudi mwaka 1885 chini ya Kabaka Mwanga, na mashahidi wa Namugongo, waliotangazwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Mackay na Lourdel walikufa mwaka mmoja, 1890: Mackay Februari, huko Usambiro, Mapera Mei 12, akiwa na miaka 36.

Leo jina la Mapera liko kwenye jengo refu katikati ya Kampala, makao makuu ya benki ya Centenary, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri pamoja na Amans umeanzishwa. Wanastahili, tena Amans hasa, kwa kuwa mabruda husahaulika upesi. Maftaa naye apewe nafasi yake. Wanaoandaa sikukuu ya Kigungu wanaweza kuanza na jambo dogo: wasome jina lake kwa sauti katika Misa ya Februari ijayo, pamoja na wapiga makasia walioupitisha mtumbwi ule ziwani, na walisome kwa Kiswahili.