Safu ya Lugha: Simba Mwene, Zumbe na Jumbe

Kosa linalosikika kuanzia Ngamiani hadi Lushoto ni kulifanya Kimweri kuwa cheo, ilhali lilikuwa jina la mtu, lililochukuliwa na watawala kadhaa wa Usambara; cheo chenyewe, kilichorithiwa katika ukoo wa Wakilindi uliotokana na Mbegha, ni Simba Mwene, yaani mfalme aliyekaa Vuga. Chini yake walikuwapo mazumbe, wakuu wa maeneo, ambao wengi wao walikuwa wana wa mfalme. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kufa. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri aliyetawala Mazinde, kwenye njia ya misafara na biashara ya bunduki, hakuukubali urithi huo, na vita vikaipasua nchi. Mambo hayo yamehifadhiwa kwa Kiswahili fasaha na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila msomaji wa Tanga anastahili kuwa nacho.

Pwani, jumbe na diwani walikuwa wakuu wa miji, na huko nasaba pekee haikutosha, kwa kuwa aliyetawazwa alipaswa kutoa ada na kulisha watu karamu. Wajerumani walimgeuza jumbe kuwa mkuu wa kijiji chini ya akida, na diwani, neno lenye asili ya Kiajemi, sasa ni mwakilishi wa kata anayechaguliwa kwa kura, asiyemrithisha mtoto wake chochote.