Saa au Mapigo?

Istilahi hii ina asili kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1874 Mfaransa Émile Baudot alisajili hataza ya mtambo wake wa telegrafu, ambao mpelekaji hakuweza kubonyeza apendavyo: ilimpasa afuate mdundo wa mtambo, la sivyo herufi ziliharibika. Baadaye, katika njia za simu zilizounganisha ruta za mbali, kifaa cha kampuni ya simu ndicho kilichotoa mdundo, ruta ikaufuata. Lakini ruta mbili zikiunganishwa waya kwa waya, bila kifaa hicho, ruta iliyo kwenye ncha ya kutolea haina budi kuamriwa kasi, tuseme biti 64,000 kwa sekunde. Isipoamriwa, njia haifunguki, ijapokuwa waya ni mzima.

Waingereza huuita mdundo huo saa. Katika ruta nyingi amri ya kuuweka, na ile ya kurekebisha saa ya mchana na usiku, huanza kwa neno lilelile. Hatuoni sababu ya kuurithi utata huo. Kiswahili kina mapigo, ya moyo na ya ngoma. Twapendekeza basi mtoa mapigo, mfuata mapigo na kasi ya mapigo.