Kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai: Waliolijaza na Lugha Zao

Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Paulo, lililopo Rabai katika vilima vya nyuma ya Mombasa, lilijengwa mwaka 1887. Historia yake huelezwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya Wajerumani wawili, Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Ni kweli kwamba wawili hao ndio walioanzisha misioni ya Rabai mwaka 1846. Lakini Rebmann alifariki 1876, na Krapf akamfuata 1881. Hakuna hata mmoja aliyeliona jengo hili. Basi yatupasa tuulize swali jingine: ni nani hasa waliolijaza kanisa hilo, nao walikuwa wakisema lugha gani?

Waasisi wenyewe walikusudia kanisa la Warabai, litakalosali kwa Kirabai. Ndiyo maana Injili ya Luka ilifasiriwa mapema katika lugha waliyoiita Kinika, ikapigwa chapa Bombay mwaka 1848. (Jina hilo la Wanyika, yaani watu wa nyika, walipewa Wamijikenda na majirani zao wa pwani, nao wenyewe hawakulipenda.) Mavuno yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kiwete aliyekuwa karibu kufa, mwaka 1851. Krapf aliondoka 1853. Rebmann alibaki hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno.

Hata hivyo, jambo moja katika kazi ya Rebmann latabiri yaliyokuja baadaye. Kamusi yake ya Kinyasa, iliyochapishwa 1877 baada ya kifo chake, haikutungwa penye Ziwa Nyasa. Aliikusanya hapa hapa pwani, kutoka kinywani mwa mtumwa aitwaye Salimini. Yaani bara la mbali lilikuwa limekwisha kufika Mombasa kwa njia ya utumwa, na lugha zake zilisikika karibu na mlango wa misioni kabla kanisa halijapata ukuta wa mawe.

Walioligeuza kanisa ni watu wa namna mbili. Kwanza ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa baharini wangali watoto wakalelewa Nasik, India. Miongoni mwao walikuwamo William Jones, Ishmael Semler na George David, waliofika Mombasa mwaka 1864. George David aliiongoza Rabai mpaka kufa kwake mwaka 1884. Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwezi wa Mei 1885. Hannington alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara wake Rabai, mapema mwaka 1886. Jengo la kanisa lilipokamilika mwaka uliofuata, Jones alikuwa mchungaji mahali hapo.

Namna ya pili ni watoro. Neno hili lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili mtoro si mtu aliyekimbia tu. Ni aliyekimbia pale anapotakiwa awepo, na hata leo mwanafunzi asiyehudhuria shule huitwa hivyo hivyo. Neno limebeba macho ya bwana mwenye mtumwa, si ya mtumwa mwenyewe. Misioni ililitumia vivyo hivyo. John Kirk, Balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, alikwisha kuwaonya wamisionari wasiwapokee watu hao, nao kwa maneno walikubali. Kwa vitendo, vibanda vya watoro viliongezeka Rabai kila mwaka. Hatari haikuwa ya kubuni: huko Fuladoyo, makazi ya watoro na Wakristo wa Kigiriama, kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883.

Mwaka 1888 mabwana wa Mombasa walitishia kuzishambulia misioni. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliamua kuwalipa riale 25 kwa kila kichwa. Waliohesabiwa katika misioni zote walizidi 1,400, na walio wengi walikutwa Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 walipewa hati zao za uhuru hapo Rabai.

Tukiitazama hesabu hiyo, twaona kwamba kanisa lililokusudiwa kuwa la Kirabai lilikuwa limejaa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao lugha pekee waliyoshirikiana ni ile waliyojifunza mashambani mwa mabwana zao, yaani Kiswahili. Mwaka ule ule wa 1887 ndipo ilipotoka London kamusi ya Kinika iliyokusanywa na Krapf na Rebmann, ikahaririwa na T. H. Sparshott. Kazi ni nzuri, na ingali yafaa kwa mtafiti. Lakini ilitoka wakati ambapo lugha hiyo haikutosha tena kuwahubiria wote waliokusanyika. Kwa maoni yangu, Kiswahili cha kanisa la Rabai hakikuletwa na sera ya misioni wala na wafasiri. Kililetwa na watoro, na wafasiri wakafuata nyuma. Biblia nzima ya Kimvita ilitoka 1914.

Kiwanjani leo pana makumbusho yenye jina la Krapf. Anayetaka kujua Kiyao na Kinyasa viliacha nini katika usemi wa Rabai aanze, nadhani, kwa majina ya watu na ya mashamba, kisha awaendee wazee.