Seva ya PostgreSQL kwenye Linux

Seva ya PostgreSQL ni kompyuta inayotunza kanzidata na kujibu maombi ya programu nyingine kupitia mtandao. Nchini Tanzania, mfano wake mkubwa uko kwenye afya. Zahanati za Mbagala, Temeke, au Bunju, Kinondoni, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na jumla za mwezi huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuijenga nchini. DHIS2 hutunza takwimu zake ndani ya PostgreSQL. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Chanjo na huduma za uzazi za watu hao hupangiwa bajeti kwa takwimu za DHIS2.

Kusakinisha ni kazi ndogo. Kwenye Ubuntu, amri ya sudo apt install postgresql huleta programu, huunda mtumiaji postgres na kuwasha huduma. Data hukaa /var/lib/postgresql, mipangilio /etc/postgresql. Kisha huundwa mtumiaji maalumu wa DHIS2 mwenye nenosiri lake, kanzidata anayoimiliki, na kiongezo cha PostGIS kwa ajili ya ramani za vituo. Programu isiunganishwe kwa jina la postgres, kwa kuwa mtumiaji huyo ana mamlaka yote.

Uzito uko kwenye ruhusa. Kwa kawaida seva husikiliza mlango 5432 ndani ya mashine yake tu. Programu ikiwa kwenye mashine nyingine, listen_addresses hubadilishwa katika postgresql.conf, na pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuunganishwa, hutaja anwani ya mashine hiyo peke yake, kwa uthibitisho wa scram-sha-256. Mwenye haraka huandika 0.0.0.0/0, na hapo anwani yoyote ya IPv4 inaruhusiwa kubisha. Kanzidata ikiwa na majina ya wagonjwa pia, huo ni uzembe usiovumilika, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuanza kutumika Mei 1, 2023.

Kwa upande wa kumbukumbu, shared_buffers, sehemu ya RAM ambamo PostgreSQL huweka data inayotumika, huanza na MB 128; seva isiyo na kazi nyingine hupewa takriban robo ya RAM.

Umeme ukikatika ghafla, PostgreSQL hujinusuru kwa WAL, daftari ambamo kila badiliko huandikwa kabla ya kuingia kwenye mafaili ya data. Wapo wanaozima fsync, mpangilio unaohakikisha maandishi yamefika diski, ili kuongeza kasi. Wakifanya hivyo wanaondoa kinga hiyo, na umeme ukirudi kanzidata inaweza kuwa imeharibika kabisa. UPS husaidia, lakini haichukui nafasi ya fsync.

Nakala rudufu hutolewa kwa pg_dump kila usiku kupitia cron, kisha hupelekwa kwenye mashine iliyo jengo jingine. Mara kwa mara nakala hiyo irejeshwe kwa pg_restore kwenye seva ya majaribio, na takwimu za kituo kimoja zilinganishwe na vitabu vyake vya MTUHA.